Tupeane uzoefu: trela la kulala umelivisha tairi gani, na limedumu?

Msafiri Polepole
Wakuu, salaam. Nina trela la kulala la ekseli mbili, magurudumu manne na spea, rimu za inchi 15. Matairi yaliyokuja nalo bado yana meno, ukiyaona kwa mbali utasema ni ya juzi. Ukisogea ubavuni unakuta nyufa ndogondogo, na tarehe yake imeshapita miaka sita. Nataka kuyang'oa yote. Shida ni kwamba kila ninayemuuliza ana dini yake. Huyu anasema nunua yenye alama ya ST (tairi maalumu la trela) peke yake, yule anasema weka LT (la pikapu na malori madogo) uachane na kelele. Wauzaji naomba mkae pembeni kidogo. Nataka wenye matrela waseme waliweka nini, kwa nini, na imekuwaje huko barabarani.

Babu Karavani
Umeanza pazuri, mkuu, kwa kusoma tarehe. Wengi wanatazama meno tu, na tairi la trela mara nyingi linakufa meno yakiwa bado yapo. Gari la kila siku linatembea, trela linasimama. Ndani ya mpira mna dawa inayoukinga na jua na ozoni, na dawa hiyo hujitokeza juu tairi linapozunguka na kujikunja. Likisimama miezi kwa miezi juani, halipati kinga hiyo, mpira unakauka kimyakimya.

Mimi sivuki mwaka wa sita, meno yawepo yasiwepo. Ujerumani wameliweka hili kwenye sheria: ukitaka kibali cha kuvuta karavani kwa 100 km/h, matairi yake lazima yawe chini ya miaka sita. Sheria yao haitubani sisi wengine, ila namba hiyo mimi nimeikubali.

Dukani usikubali kuambiwa "ni mapya". Mapya maana yake hayajavaliwa, hayo yanaweza kuwa yamelala stoo miaka miwili. Tafuta herufi DOT ubavuni, soma tarakimu nne za mwisho. Ukiona 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingine tarakimu hizo zipo upande mmoja tu, kwa hiyo mwambie akuviringishie. Mimi nimeshawahi kumrudishia muuzaji seti nzima kabla haijafungwa, akanuna, tukaelewana.

Mama Ekseli
Babu amemaliza habari ya umri, mimi naleta uzito, maana hapo ndipo watu wengi wanapobahatisha.

Nilipotaka kubadili, sikuanzia dukani, nilianzia mizani. Na sikupima trela zima tu, nilipima gurudumu moja moja, likiwa limesheheni kama siku ya safari: maji, mitungi ya gesi, vyombo, nguo. Jumla ilikuwa ndani ya kiwango kabisa. Lakini upande wenye jiko, friji na tangi la maji ulikuwa mzito kuliko mwenzake kwa tofauti ya kushangaza, na gurudumu moja la upande huo lilikuwa karibu kabisa na mwisho wa uwezo wa tairi. Ukigawa jumla kwa nne hilo hulioni.

Sasa saizi moja inakuja kwa makundi ya uwezo wa kubeba, yanayoandikwa kwa herufi. Chukua ST225/75R15, ambayo wengi humu tunayo. Kundi C linabeba kama kilo 975 kwa upepo wa 50 psi (kipimo cha shinikizo la upepo). Kundi D kilo 1,150 kwa 65 psi. Kundi E kilo 1,285 kwa 80 psi. Umbo ni lile lile, mwili tofauti. Nilikuwa na C, nikapanda hadi D, na trela likaacha kuyumba lori likinipita. Ubavu wa tairi ulikuwa mgumu zaidi, nadhani ndiyo sababu.

Kabla hujapanda kundi, lala chini ugeuze macho nyuma ya rimu. Rimu nayo ina uzito wake na psi zake, mara nyingi imegongwa pale pale. Tairi la 80 psi kwenye rimu ya 65 haliwezi kukupa zaidi ya kinachoruhusiwa na rimu. Na valvu za mpira za kawaida mwisho wake ni 65 psi, kwa hiyo wa kundi E waweke za chuma. Nilipoliuliza hili kwa fundi mmoja alicheka, akasema valvu ni valvu. Nikabeba rimu zangu nikaenda kwa mwingine.

Chuma Mzigo
Mimi ni wa LT, mnipige mawe. Trela langu ni zito, rimu inchi 16, nimeweka LT225/75R16 za kundi E. Kila moja inabeba kilo 1,215, na mizani inaniambia sifiki huko. Joto halipandi hovyo, zimevaa sawasawa.

Mama Ekseli
Hakuna wa kukupiga mawe, kaka, kwa sababu umepima. Tatizo ni wa inchi 15 akisikia maneno yako akakimbilia LT. Katika saizi zinazolingana, ST huwa limepewa uwezo mkubwa zaidi, na LT za inchi 15 nyingi zitamwacha chini ya mzigo wake. Jina LT halibebi kilo hata moja.

Chuma Mzigo
Hapo nakubali.

Fundi wa Kando
Na za gari dogo je? Naona watu wanapewa na jamaa zao matairi ya gari la familia, yana hali nzuri, wanafunga kwenye trela. Yale yenye herufi P (ya gari la abiria) ukiyaweka kwenye trela, uwezo ulioandikwa unaugawa kwa 1.1 kwanza. Tairi la kilo 880 linakuwa la kilo 800. Na ubavu wake ni laini, umetengenezwa kwa ajili ya starehe ya abiria. Zawadi nyingine unashukuru, unaiacha hapo hapo.

Kobe Mwendo
Mimi nimebasti, kwa hiyo acha niseme ya upande huu.

Ilikuwa tairi la nyuma kulia, barabara nzuri, mwendo wa kawaida. Dereva wa nyuma ndiye aliyenipigia honi, kwenye gari la mbele sikusikia kitu. Nilipotoka nikakuta ile ngozi ya juu ya tairi imejichuna na kuchapa kila kilicho jirani: plastiki ya juu ya gurudumu imekwenda, waya za breki zimekatika, sakafu ya kabati imepasuka. Tairi lenyewe ndilo lilikuwa hasara ndogo kuliko zote siku ile.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo watu hawaisemi. Fundi niliyempata alibadili lile moja akaniambia nenda. Mwenzake wa mbele, upande ule ule, alionekana mzima. Lakini kuanzia pale la kwanza lilipopasuka hadi niliposimama, huyo mwenzake alikuwa amebeba mzigo wa wawili. Hakumaliza msimu. Lilivimba juu, nikaliwahi kabla halijapasuka. Tangu hapo kwangu ni kanuni: tairi likibasti kwenye ekseli mbili, jirani yake wa upande huo naye anaondoka, au angalau linavuliwa kwenye rimu likaguliwe ndani.

Nimefunga vihisi vya upepo kwenye kila gurudumu, vinavyosoma na joto pia. Joto likipanda kwenye gurudumu moja wakati mengine yametulia, nasimama. Mara moja ilikuwa beringi, siyo tairi.

Nuru ya Taa
Kobe, mwendo wa kawaida ni upi? Nauliza kwa nia njema. ST ambalo halina herufi ya kasi ubavuni linahesabiwa ni la mwisho 105 km/h. Yenye herufi L ni 120, M ni 130, N ni 140. Mimi nina Goodyear Endurance, saizi yangu ina N, lakini siendi huko hata siku moja. Nimenunua nafasi ya joto. Tairi la 140 likitembea kwa 95 halihangaiki.

Kobe Mwendo
Nilikuwa chini ya 100. Yalikuwa hayana herufi yoyote. Sasa yana M.

Mzee wa Geji
Mmezungumza yote bila upepo, nashangaa. Unaweza kununua tairi bora kuliko yote ukaliua kwa kulijaza nusu. Likipungukiwa, ubavu unajikunja kila mzunguko, unapata joto, nyuzi za ndani zinaachana. Kwa nje halikuonyeshi kitu mpaka siku yake.

Trela langu najaza hadi ile psi iliyoandikwa ubavuni kwa mzigo wa mwisho, tairi likiwa baridi. Baridi maana yake asubuhi kabla ya kutembea, na kabla jua halijapiga upande mmoja. Njiani utaona imepanda psi kadhaa, hiyo ni kazi yake, imehesabiwa. Usipunguze! Ukipunguza likiwa moto, kesho asubuhi litakuwa na njaa. Kuna kituo kimoja kijana alikuja mbio na mpira wa upepo, akataka kunishusha hadi 35 kwa sababu "tairi zote ni 35". Nikamshukuru nikafunga kofia za valvu.

Dada Kona
Nyongeza fupi kwa wa ekseli mbili. Mkirudi nyuma kwa kona kali sana, tokeni nje siku moja mtazame matairi. Yanaburutwa kiubavu, moja huku, jingine kule, ubavu umepinda mpaka unaogopa. Mikanda ya ndani ya tairi inavutana vibaya pale. Mimi sasa nachukua kona pana, na kama eneo ni dogo narudi mbele na nyuma taratibu badala ya kukunja moja kwa moja. Matairi ya sasa yanavaa vizuri kuliko yaliyotangulia, na ni saizi ile ile.

Pia usichanganye tairi za radiali (zenye R kwenye saizi) na zile za nyuzi za mshazari kwenye ekseli moja.

Msafiri Polepole
Wakuu, mmenipa kazi na nimeifanya. Nimepima gurudumu moja moja trela likiwa limejaa. Zito kuliko yote limesoma kilo 890, na ni upande wa jiko kama alivyosema Mama Ekseli. Matairi ya sasa ni kundi C, kilo 975. Kumbe nilikuwa natembea na akiba ndogo hivyo! Nyuma ya rimu imegongwa 65 psi na uzito unaozidi kilo 1,150. Nilikuwa nimeshawishika kuchukua E, je, kuna faida?

Mama Ekseli
Kwa rimu hizo, D. Unajaza 65, unapata 1,150, na gurudumu lako zito linatumia kama asilimia 77 tu. E utalilipia halafu psi 15 za mwisho huzifikii. Kama siku moja utabadili rimu, hapo fikiria E. Valvu weka za chuma hata kwa D, si ghali ukilinganisha na usumbufu. Waambie wabalansi yote, matrela mengi hayajawahi kubalansiwa tangu kiwandani. Nati zifungwe kwa spana ya kipimo kama kitabu cha trela kinavyosema, kisha uzirudie baada ya kilomita 80 hadi 160 za mwanzo, maana zinalegea zikikaa.

Babu Karavani
Mimi nauliza: spea umeisoma tarehe?

Msafiri Polepole
Nimetoka kuisoma sasa hivi. Imetengenezwa wiki ile ile na yale manne. Haijawahi kugusa lami.

Babu Karavani
Nunua matano.