Bridge: mkono mkali wa suti mbili, mpinzani kafungua kwanza: dabo au Michaels (bidi moja inayoonyesha suti mbili)?

patna_wa_jioni:
Wakuu habari za jioni. Mimi na patna wangu tumezozana tangu jana usiku BBO (tovuti ya kucheza bridge), naombeni mtuamulie. Mpinzani wa kulia kwake kafungua 1 kopa (bidi ya triki saba, kopa ikiwa turufu), yeye kashika hivi:

Shupaza A K Q 10 5
Kopa 6
Uru A K J 9 4
Pau 8 3

Akadabo, yaani ananiomba nitaje suti yangu. Anayefuata akaruka 3 kopa kuziba njia, mimi nikapasi, ikamrudia akasema 3 shupaza, nikapasi tena maana nina shupaza 7 peke yake. Sasa oneni mkono wangu: shupaza 7, kopa J 8 3, uru Q 10 7 6 3 2, pau A 5 4. Yaani uru tunazo kumi na moja na hakuna aliyezitaja! 6 uru inaingia bila jasho, kopa moja tu ndo inaondoka. Yeye kakomaa kwamba pointi 17 (A 4, K 3, Q 2, J 1) lazima udabo kwanza, eti Michaels ni ya mikono dhaifu. Ni kweli?

mzee_turufu:
Si kweli kaka, au tuseme ni nusu ya kweli. Michaels wengi wanaicheza kwa ncha mbili, dhaifu au kali sana, ile ya katikati unataja tu suti ya juu kisha ya pili ukipata nafasi. Huo mkono uko kwenye ncha ya ukali, hesabu triki za kupoteza: kopa moja, uru moja, pau mbili, basi nne. Anasema 2 kopa, maana yake shupaza tano na pau tano au uru tano. Ukidabo na suti mbili unahitaji zamu mbili zaidi kujieleza na wapinzani wenye kopa tisa hawakupi hata moja ya bei rahisi. Halafu dabo inamwambia patna "hata pau nazimudu", akiruka nazo unafanyaje na 8 3?

Baada ya 2 kopa, hata wakiruka 4 kopa wewe una 4NT (NT ni bila turufu) ya kumuuliza suti yake ya chini ni ipi, anasema 5 uru, na kwa uru sita na A ya pau mimi napandisha 6 nikiwa nimetulia.

dada_wa_uru:
Nakubali huo mkono ni 2 kopa ila hii habari ya ncha mbili siipendi, sisi kwetu ni nguvu yoyote kuanzia ya wastani mradi tano-tano na karata zenyewe ziwe ndani ya suti hizo, maana ukiwa na pointi 13 ukataja 1 shupaza wakaruka 4 kopa suti ya pili imekufa hivyohivyo. Kilicho muhimu ni patna ajue utaonyeshaje ukali. Akisema 2 shupaza za kuchagua tu na wewe ukarudi na 3 uru, huo ni mwaliko wa gemu (mkataba wenye bonasi kubwa), mkono dhaifu ungepasi. Akiuliza kwa 2NT sisi 3 pau na 3 uru ni za kawaida, 3 kopa ni pau kali, 3 shupaza ni uru kali.

pasi_pasi:
Mmesahau shimo moja. Wakifungua 1 uru na wewe una shupaza na pau, 2 uru ni shupaza na kopa, 2NT ni pau na kopa. Mkono wako hauna pa kwenda, unataja 1 shupaza unaomba Mungu. Ghestem inaziba hilo, kila jozi ina bidi yake, lakini 3 pau ya kawaida unaipoteza, na watu wanaisahau hiyo mfumo kila wiki, mtu anasema 3 pau ana pau kweli patna anadhani ni suti nyingine mbili, mnaishia kusikotajika. Pierre Ghestem mwenyewe alikuwa bingwa wa dunia wa drafti 1945 kabla ya kubeba Bermuda Bowl, ubingwa wa dunia wa bridge, na Ufaransa 1956, kichwa kama hicho hakisahau, sisi wa kawaida tuiache.

patna_wa_jioni:
Asanteni, nimemtumia yote, kanuna lkn anasoma 😂 Na wakifungua dhaifu je, 2 shupaza, na yeye ana kopa na uru kali namna hii?

mzee_turufu:
Anaruka 4 uru: kopa tano na uru tano, mkono wa gemu. 4 pau ni kopa na pau. Wakifungua 2 kopa, hizohizo zinakuwa na shupaza. Zote ni kali, hakuna toleo dhaifu, mtu hazibi njia iliyokwisha kuzibwa. Ila muandike kwenye kadi yenu ya mfumo kabla ya kukaa mezani, na wapinzani wakiuliza mwambieni maana yake.