Ampu ya vali inalegeza nyuzi, au najidanganya?

Solo_wa_Kinondoni

Wakuu, habari za leo. Napiga solo kwenye bendi ya hoteli hapa Dar, rumba na zilipendwa kila mwisho wa wiki. Pale ukumbini kuna Roland JC-120, ampu ya transista, tumezoeana nayo kitambo. Sasa mshikaji wangu karudi toka Marekani na Fender Deluxe Reverb, ampu ya vali (zile taa za kioo za kizamani zinazokuza sauti), ile ya wati 22, kaniachia niicheze nyumbani.

Gitaa ni lile lile, nyuzi zile zile za kumi, lakini nikipiga naona kama nyuzi zimelegea. Nikichapa kwa nguvu sauti haipandi sana; inanenepa, inakwaruza kidogo, halafu noti inabaki inaimba. Nikigusa taratibu inatoka safi kabisa. Ile JC ukichapa unapata kelele zaidi basi, na ukiteleza inakuanika mbele za watu.

Mpiga besi wetu ananicheka, anasema ampu haina mkono wa kushika nyuzi. Kinachonikera ni kwamba tukiingia sebene zile noti za haraka zinavurugika, hazitoki moja moja. Na ikifika saa mbili usiku ampu inakuwa laini kuliko mchana, nawaapia. Natumia trafo la kushushia umeme. Nataka kununua yangu, nielewesheni nitafute nini.

Fundi_Vali_Tanga

Nyuzi hazijalegea, kijana. Mkono wako ndio umebadilika tabia bila kukuambia.

Unapopiga, sikio linapima na mkono unafuata. Umezoea kwamba ukiongeza nguvu hivi, sauti inapanda hivi. Hiyo Deluxe ikifika mwisho wa pumzi yake haipandishi tena. Mkono unaongeza nguvu, haupati kitu, unatulia wenyewe. Ndiyo maana unaona raha.

Kule ndani una vali mbili za 6V6. Ukichapa zinavuta mkondo mwingi kwa ghafla, ule umeme wa zaidi ya volti 400 unaozilisha unashuka, na kichwa cha noti kinabanwa. Noti inapofifia, kapasita (zile zinazotunza umeme ndani ya ampu) zinajaa upya na ampu inapata nguvu tena, kwa hiyo mkia wa noti unabaki juu kuliko ulivyotarajia. Huko ndiko kuimba unakokusikia.

Watu mitandaoni wanaisifia sana vali ya rektifaya, ile inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, kwa kazi hii. Mimi nawaambia wapunguze. Yako ina GZ34, ambayo inapoteza volti chache kuliko karibu wenzake wote. Inayozama hasa ni 5Y3, iliyokuwa kwenye Deluxe za miaka ya 1950. Ukichapa kodi nzima (noti kadhaa kwa pamoja) kwenye zile, unasikia ampu inakaa chini kisha inainuka. Kwenye yako ulaini mwingi unatoka kwa 6V6 zenyewe kufika kikomo, pamoja na trafo la kutokea (linalopeleka sauti kwenye spika) na spika yenyewe. Ampu nyingi za transista zinaikamata spika kwa nguvu, ikiambiwa simama inasimama. Vali zinaiachia icheze kidogo, hasa pale chini karibu na hezi 100 ambapo koni yenyewe inapenda kutikisika. Unalisikia hilo kifuani zaidi ya masikioni.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapotupa pesa: vali peke yake haikupi ulaini. Fender Twin Reverb ni ampu ya vali, ina vali nne za 6L6, wati 85, rektifaya ya diodi za silikoni. Ipigie uone. Ngumu kama JC, kila kosa linatoka nje. Ulaini unategemea ampu iko karibu kiasi gani na kikomo chake kwa sauti unayopigia. Deluxe volyumu ikiwa kwenye 2 nayo ni ngumu.

Sebene: shusha kitasa cha besi. Kama volyumu umeifikisha 5, besi iache kwenye 2. Noti nene ndizo zinazokula umeme, na zikizisukuma 6V6 kupita kiasi, kapasita zinazozipelekea mawimbi ya sauti zinashika chaji na vali zinazimika kwa sekunde ndogo sana. Noti inayofuata inakuta mlango umefungwa.

Mambo ya usiku nitarudi, nina redio ya mtu mezani.

Studio_Uani

Kwa heshima zote, mzee, nadhani tunakuza mambo. Mimi narekodi. Nikiweka Deluxe halisi na programu ya kuiga Deluxe ndani ya wimbo uliokamilika, wenye bendi nzima, hakuna msikilizaji anayenyosha mkono kusema kasikia tofauti. Wapiga gitaa wanalalamika kwamba kompyuta inachelewa, lakini sauti hewani inatumia kama milisekunde 3 kwa kila mita. Mtu huyo huyo anasimama mita tatu kutoka kwenye spika yake na halalamiki.

Fundi_Vali_Tanga

Studio, kuhusu msikilizaji sibishani na wewe. Ila aliyeuliza ni mpigaji. Mpe mpigaji ampu ngumu atapiga noti chache na kwa tahadhari. Mpe laini atavuta nyuzi na kukaa juu ya noti moja. Msikilizaji hasikii ampu, anasikia alichoamua kupiga. Hata hiyo programu yako, kama imeigwa vizuri, nayo inambadilisha mkono.

Haya, usiku. Jioni watu wanawasha kila kitu na umeme wa mtaani unashuka. Pima soketi yako kwa mita. Ukikuta volti 200 badala ya 230, kila kitu ndani ya ampu kimeshuka kwa asilimia 13: ile volti 400 na ushee imekuwa 350 na kitu, kikomo kimesogea karibu, ampu imelainika. Hujarogwa. Mpiga gitaa wa roki Eddie Van Halen aliifanyia ampu yake ya Marshall hivyo makusudi, akashusha umeme kwa Variac (trafo la kurekebisha volti) hadi karibu volti 90. Lakini kwako tatizo ni kwamba hita za vali zinazotaka volti 6.3 nazo zinapata 5.5, na huo ni upungufu unaozidi asilimia 10 zinazovumilika. Ukiishi nayo hivyo vali zinachoka. Weka stebilaiza nzuri kabla ya trafo.

Solo_wa_Kinondoni

Mzee shikamoo. Nimepima jana usiku, 204. Mchana ilikuwa 228. Mpiga besi nimemtumia picha ya mita, kanyamaza.

Besi nimeiweka 2, noti za sebene zinatoka. Bado si kali kama JC, lakini zinatoka. Nimegundua pia nikirudisha volyumu ya gitaa hadi 7 napata ridhimu safi, nikiifungua yote napata solo, bila kugusa ampu wala pedali. JC haijawahi kunipa hiyo.

Kwa hiyo ukumbini ninunue ipi?

Fundi_Vali_Tanga

Marahaba. Ukumbi wa hoteli, ngoma zisizo na maiki? Deluxe inatosha, iegemeze ikutazame usoni. Kama ngoma zinapigwa kwa fimbo nzito na unacheza sebene nusu saa mfululizo, baki na JC ya ukumbi na Deluxe ikae nyumbani. Twin ni nzuri kwa kazi hiyo ila utaibeba wewe, si mimi.

Na usiifungue mgongo kutafuta ulaini zaidi. Kapasita zinabaki na mamia ya volti hata ukishachomoa waya.