Mteja anataka neno SUBIRA kwa Kichina au Kijapani kwenye kibao cha mninga, nisaidieni kabla sijatia patasi

FundiDunda

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi wa kuchonga hapa Bagamoyo, milango, masanduku, vibao vya majina, nakshi za kawaida tu. Kuna mama anafungua nyumba ya wageni upande wa baharini, kanipa kazi ya kibao kirefu cha mninga cha kukaa pembeni ya mlango mkubwa na viwili vidogo vya ndani. Cha mlangoni anataka kiwe na SUBIRA, vya ndani AMANI na UPENDO, ila kwa zile herufi za Kichina au Kijapani, anasema yoyote sawa, anatarajia wageni wa huko na pia anazipenda zilivyo, zinakaa kama picha.

Sasa nimeingia Google nimetoka na kizunguzungu. Amani imekuja 和平, nikabadilisha lugha ikaja 平和, yaani ni hizo hizo mbili zimegeuzwa nikadhani simu ndo imekosea. Upendo nimepata 愛 na 爱, zinafanana ila moja ina vitu vingi katikati. Subira ndo kabisa, 忍, halafu 忍耐, halafu 耐心. Na kuna jamaa kanirushia chati wasap, kila herufi yetu A B C imewekewa ya kwake ya Kichina, ananambia we andika S-U-B-I-R-A moja moja umemaliza kazi.

Ubao nimeshanunua na nimeshaupiga randa, mninga bei yake mnaijua, nikikosea hapo hakuna kufuta. Anayejua kweli anisaidie, sio kukisia.

Nilikaa_Wuhan

Fundi hiyo chati ifute leo leo na umwambie aliyekutumia aache kuisambaza. Kichina hakina alfabeti. Kila herufi moja ni neno au kipande cha neno, ina sauti ya silabi nzima na ina maana yake, kwahiyo ukifuata chati utachonga maneno sita yasiyohusiana na mtu wa China atasimama hapo asome kitu kama kikapu-mbao-jua-mkono. Chati za namna hiyo zimeharibu ngozi za watu wengi sana waliochora tatuu.

Na hata asiyefuata chati anaweza kuanguka. Yule mwimbaji wa Marekani Ariana Grande mwaka 2019 alichora kiganjani 七輪 akitaka iwe "pete saba". Ya kwanza ni saba kweli, ya pili peke yake inaweza kuwa pete au gurudumu au duara, lakini zikikaa pamoja kwa Kijapani ni shichirin, jiko dogo la mkaa. Jiko kabisa, la kuchomea samaki! Maana haijengwi kwa kujumlisha herufi moja moja, inatokana na zimekaa na nani.

Amani: simu yako haikukosea. 和平 ni Kichina, 平和 ni Kijapani. 平和 kwa Kichina ipo pia ila inamaanisha upole, kitu kisicho kikali, mnaweza kusema hivyo hata kuhusu tabia ya mtu au dawa. Kwahiyo "yoyote sawa" ya huyo mama sio sawa, lazima achague lugha kwanza.

Upendo: China walirahisisha uandishi miaka ya hamsini, mpango wenyewe ulitangazwa 1956, ndo 愛 ikawa 爱. Taiwan na Hong Kong waliendelea na ya zamani, Japani nao wanaandika 愛. Hiyo ya zamani katikati yake kuna 心, moyo. Waliporahisisha moyo ukatoka, chini pakabaki 友 ambayo ni rafiki. Mimi ningekuwa wewe ningechonga yenye moyo, waandishi wa brashi hata China bara wengi bado wanatumia maumbo ya zamani kwenye sanaa na hakuna atakayekushangaa.

Subira ya kila siku Kichina ni 耐心. 忍 nayo utaiona imetundikwa ukutani kwenye nyumba nyingi lakini ile ni kali zaidi, wengine watakueleza.

Karateka_Tanga

Nianzie hapo kwenye 忍 maana ndo nimeishi nayo dojo, ukumbi wetu wa karate, miaka mingi hapa Tanga. Iangalie vizuri fundi, juu ni 刃, makali ya kisu, chini ni 心, moyo. Kisu kimekaa juu ya moyo na mwenye moyo ametulia. Ndo hiyo hiyo ya kwanza kwenye neno ninja. Ni kuvumilia huku unaumia na husemi. Sasa subira yetu sisi ina utamu ndani yake, ukisema subira mtu anasikia heri inakuja, hii ya kisu haina hiyo ahadi. Kwa dojo inafaa mno, kwa nyumba ya kulala wageni mimi moyo unasita.

Halafu wewe ni mchongaji kwahiyo chukua hili kwa uzito, nukta na urefu wa mstari ni maana, sio mapambo. 大 ni kubwa. Tia nukta juu kulia 犬 ni mbwa. Ishushe nukta chini 太 ni nene kwa Kijapani. 土 ni udongo, mstari wa chini mrefu, ukirefusha wa juu badala yake 士 umepata mtu mwingine kabisa, askari au msomi. Patasi ikiteleza kidogo tu umeshaandika neno jingine.

Badala ya upendo mshauri huyo mama 絆, kizuna, mshikamano wa watu. Japani tangu 1995 kila Desemba wanachagua herufi moja ya mwaka, na inaandikwa kwa brashi kubwa sana pale hekalu la Kiyomizu, Kyoto. 2011 baada ya tetemeko na tsunami ilichaguliwa hiyo. Mwanzoni ilikuwa ni kamba ya kufungia mnyama, ona kushoto kuna uzi 糸, leo ni kile kinachowafunga watu pamoja. Mimi hainichoshi hata siku moja.

Nilikaa_Wuhan

Karateka nakuheshimu na maelezo ya kisu umeyasema vizuri kuliko mimi, ila 絆 hapana, sio kwa nyumba yenye wageni wa pande zote mbili. Kwa Kichina hiyo ni kujikwaa, kunaswa mguu. Ile kamba ya mnyama Wajapani waliishika upande wa kuunganisha, Wachina upande wa kuangusha. Utamwekea mgeni wa China neno "kujikwaa" kwenye korido.

Na zipo nyingi za hivyo. 娘 Japani ni binti, China ni mama. 手紙 Japani ni barua, China ni karatasi ya chooni. 湯 Japani maji ya moto, China mchuzi wa supu. Herufi zilivuka bahari karne nyingi zilizopita na kila upande zikaota mizizi yake.

Karateka_Tanga

Hiyo ya kujikwaa sikuijua, nashukuru. Basi kwa mlango wa watu wote naondoa kizuna.

Mama_Khanga

Mimi Kichina sijui hata kimoja ila nauza khanga na hili nalijua. Mteja hanunui rangi peke yake, anasoma jina kwanza, kwasababu khanga inamsemea aliyeivaa. Umpelekee mkwe khanga ya maneno ya mke mwenza uone kama hamjakosana, hata iwe na ua zuri kiasi gani. Kibao cha mlangoni ni hivyo hivyo, kinamwambia anayeingia. Sasa fundi mgeni katoka safari ndefu, mabegi mkononi, anafika mlangoni anakuta "vumilia". Si atajiuliza ndani kuna nini jamani, kunguni au maji hakuna? Kamuulize huyo mama kwanini anataka subira. Ukijua kwanini ndo utajua neno.

Khati_Mkongwe

Fundi, mimi ni mtu wa khati ya Kiarabu, nimeandika kwa kalamu ya tete tangu kijana, na wa brashi wa kule nimeangalia kazi zao kwa mapenzi sana maana tunakutana njiani. Nakupa ya mkono.

Usitoe herufi kwenye kompyuta kwa fonti yoyote ile ukaipiga printa. Fonti nyingi zimetengenezwa kwa kusomeka kwenye skrini, mistari unene mmoja kama bomba, ukizichonga zinakaa kama namba ya gari. Tafuta umbo la brashi, mwandiko wao wa wazi wanaouita kaishu, Wajapani kaisho. Hapo utaona mstari unapoanza brashi imekandamiza, katikati imepunguza, mwisho imesimama au imerushwa au imefagia ikapotea. Patasi yako ifuate huo uzito, kina kiende na unene. Wana herufi 永, "milele", ambayo wanafunzi wanafanyia mazoezi kwasababu ndani yake kuna mapigo nane ya msingi ya brashi. Ichore mara nyingi kabla hujagusa ubao, na kwa mpangilio wake, juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia, maana mpangilio ukikosea jicho la mwenyewe linaona hata kama hajui kusema kosa liko wapi.

La pili, wengi wanaharibu kwenye kuhamisha mchoro. Karatasi ikigeuka tu, umechonga ya kwenye kioo. Weka alama juu na kulia kabla hujabandika.

La tatu, vibao vya zamani vya kule vya kulala vilisomwa kutoka kulia kwenda kushoto kama sisi tunavyosoma Kiarabu, vya leo vinatoka kushoto. Ukichonga 和平 kwa kulala kuna atakayesoma 平和. Simamisha, moja juu moja chini, utata umeisha, na kibao chako cha mlangoni ni kirefu tayari.

Kabla sijasahau, jina la mtu usilitie rangi nyekundu, kwao linahusishwa na kifo. Muhuri mdogo mwekundu wa fundi pembeni hauna neno.

FundiDunda

Shikamoo mzee, na asanteni wote, nilikuwa nimeshaanza kutafuta gundi ya kubandikia hiyo 忍.

Nimefanya kama dada wa khanga alivyosema, nimeenda kwa mteja jioni nikamuuliza kwanini subira. Akakaa kimya kidogo akasema Subira ni mama yake. Marehemu. Nyumba ilianzia kwenye kiwanja cha mama yake na aliuza vitumbua miaka na miaka kukilipia. Yaani sio neno, ni JINA, na mimi nilikuwa naenda kumchongea kisu juu ya moyo. Sasa jina linaandikwaje?

Nilikaa_Wuhan

Jina linafuata sauti, sio maana. Wajapani wana herufi nyingine kabisa za sauti kwa majina ya kigeni, katakana, inakuwa スビラ. Kichina ni 苏比拉, su-bi-la, huku maana ya kila moja haihesabiwi. Zote sahihi, ila nikwambie ukweli wangu, kwa jina la mama yake mtu hapo Bagamoyo zinasikitisha. Mchina atalisoma akijua tu ni jina la kigeni, na mjukuu wake mwenyewe hatalisoma kabisa.

Khati_Mkongwe

Marahaba mwanangu. Jina la huyo bibi liandikwe kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili chenyewe na kama maandishi yalivyokaa juu ya milango ya zamani hapa mjini. Lete ubao, nitakuandikia mwenyewe, sitaki malipo. Chini ya jina ndo uweke ya kwao moja. Ipi, waseme wenye lugha.

Karateka_Tanga

福. Kijapani fuku, Kichina fu. Heri, neema. Umbo moja pande zote, maana moja pande zote, na mlangoni ndo mahali pake hasa. Juu Subira, chini heri, si methali imejikamilisha yenyewe?

Nilikaa_Wuhan

Karateka umenitoa machozi. Hiyo ndo. China mwaka mpya wanaibandika kila mlango, na wengine wanaigeuza kichwa chini kwasababu neno "kupinduka" na neno "kufika" kwa sauti ni dao zote mbili, kwahiyo heri imepinduka ni heri imefika. Wewe usigeuze, hicho ni cha karatasi, kibao cha kudumu cha mlango mkubwa kinakaa wima. Na tazama kipande cha kushoto, 礻, ukiacha nukta ya juu, ubavuni kulia kina nukta moja tu. Kuna ndugu yake 衤 mwenye alama moja zaidi, huyo ni wa mambo ya nguo, hata wenyewe watoto wa shule wanamchanganya.

FundiDunda

Nimemsomea mteja simuni. Amekubali, na ndani anataka 和平 ya kusimama na 愛 yenye moyo. Mzee kesho baada ya alasiri nipo kwako na ubao. Usiku huu nimechora 福 kwenye karatasi ya saruji mpaka mkaa umeisha, ubavuni nukta moja, nimehesabu kila moja.