Mama anataka kuwekewa nyama ya mgongoni kifuani, kuna aliyepitia?

Binti_wa_Tanga: Habarini wakuu, mama alikatwa titi la kushoto kisha akapigwa mionzi, sasa kidonda kifuani hakifungi mwezi wa saba huu, daktari anasema watoe msuli wa mgongoni waulete mbele. Kwani hawawezi kushona tu jamani?

Mzee_Kigoda: Pole bintiyangu. Mionzi huua mishipa midogo ya damu, ngozi ikishaungua hivyo ukishona inaachia tena. Ule msuli unakuja na mshipa wake wa damu kutoka kwapani, mshipa huo hawaukati, msuli wanauzungusha tu. Si kitu kipya, daktari mpasuaji Tansini wa Italia aliandika habari zake 1906 huko.

Mama_Zuu: Mie nilifanyiwa. Kifua kilipona vizuri, kilichonisumbua ni mgongo shosti, maji yanajaa pale walipotoa wakawa wananivuta na sindano kila nikienda kliniki, na mkono hata kuanika nguo shughuli. Mazoezi asiache.

Binti_wa_Tanga: Asanteni. Na mbavu je, zinaguswa?

Mzee_Kigoda: Zikiwa zimeoza ndio, wanatoa na pengo likiwa kubwa wanaweka wavu wa kuliziba. Muulize kama wamepima kansa haijarudi hapo kwenye kidonda, hilo kwanza.