Kava la duveti limeandikwa "drai klini tu", hivi waliolitengeneza wanalala wapi??

Wakuu nina hasira na leo mtanivumilia.

Unanunua seti ya matandiko, duveti na kava lake na foronya, kitu cha kuvutia kabisa, paketi imejaa picha ya kitanda kimetandikwa vizuri na maua pembeni, hakuna sehemu wamekwambia chochote kuhusu kufua. Unatandika, unalalia. Siku ya kufua ndo unageuza kava nje ndani unatafuta lebo unaikuta kwenye kona huko ndani kabisa, maandishi ya kusoma kwa darubini, beseni limepigwa X na pembeni yake kiduara. Yaani USIFUE, DRAI KLINI TU. Sasa kwa nini hiyo haikuandikwa juu ya paketi kabla sijatoa hela??

Hiki ni kitu cha kulalia jamani. Sio suti inayovaliwa kwenye harusi ikarudi kabatini. Kila usiku kinakunywa jasho, udenda, mafuta ya mwili, ngozi inayobanduka, na kama una mtoto mdogo kitandani humo nyingine sihitaji kuzitaja. Eti kisiguswe na maji!

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Watu wengi wanadhani drai klini ni usafi wa daraja la juu kuliko kufua. Kwanza sio kavu, nguo inazungushwa kwenye kemikali ya majimaji, na kwa miaka mingi iliyotumika zaidi ni perkloroethilini, ukipenda iite perki. Perki kwa mafuta ni kiboko, grisi na lipstiki zinatoka bila ubishi. Ila jasho ni maji na chumvi, mkojo hivyo hivyo, na chumvi haiyeyuki kwenye perki! Ndo maana wanaongezea sabuni maalum na unyevu kidogo, na fundi anayeijua kazi anaanza na madoa kwa mkono kabla ya kutumbukiza mzigo. Asiyeijua anatumbukiza tu. Kwa hiyo uchafu mkuu wa kitandani ndo ule ambao hii njia inauweza kwa shida, alafu ndo njia pekee wanayokuruhusu. Nani alikaa akafikiria hii kitu?

Mimi duveti yangu ilirudi kutoka kwa jamaa mmoja (simtaji) imefungwa kwenye nailoni inang'aa, kufungua tu chumba kizima kinanuka dawa, na madoa ya njano pale kwenye pindo la juu yapo vile vile yananiangalia. Naambiwa "hiyo harufu ni kawaida". Si kawaida bana. Mashine ikifanya kazi yake na mzigo ukakaushwa mpaka mwisho harufu inatakiwa iwe imeisha, ikinuka maana yake kemikali bado imo humo, na kitu kinene kama duveti ndo kinaishika zaidi. Na hiyo perki sio marashi. IARC, lile shirika la utafiti wa saratani la WHO, wameiweka kundi 2A, yaani kuna uwezekano mkubwa inasababisha saratani kwa binadamu. Marekani Desemba 2024 EPA, mamlaka yao ya mazingira, walipitisha kanuni ya kuiondoa kwenye drai klini hatua kwa hatua ndani ya miaka 10. Alafu mimi niifunike usoni usiku kucha niseme ni kawaida. Ikikukuta hiyo usiilalie, irudishe wamalizie kazi au ianike nje sehemu yenye upepo mpaka harufu iishe.

Sasa turudi kwa watengenezaji maana hawa ndo chanzo. Mara nyingi hiyo "drai klini tu" haijaandikwa kwa sababu kitambaa kitakufa kikiona maji. Imeandikwa ili ukifua kikaharibika wakwambie si tulikukataza. Nimeshaona poliesta tupu, juu poliesta, ndani poliesta, imepewa hiyo lebo. Poliesta! Kitambaa ambacho maji hakiyajali kabisa. Na hata huko Marekani ambako kuna kanuni ya lebo za utunzaji toka 1971, yenyewe inahusu nguo za kuvaa na vitambaa vya kushonea nguo, matandiko hayamo. Wanajiandikia tu wanachotaka.

Kwa hiyo mimi hicho kiduara nimeacha kukiogopa, nasoma mstari wa chini yake unaosema kitambaa ni cha nini. Huo ndo wenye ukweli. Pamba na poliesta zinafulika, pamba inaweza kunywea kidogo basi. Duveti ya manyoya ya bata nayo inafulika, tena kemikali za drai klini zinayakausha yale mafuta yake ya asili yanakuwa makavu ya kukatika katika, kazi iko kwenye kuikausha tu. Sufu tatizo lake ni joto na msuguano, ukiisugua kwenye maji moto inagandana na haifunguki tena. Hariri inataka upole. Viskosi, kile kitambaa laini kinachotokana na mbao, ikilowa inakuwa dhaifu sana, ukiinyanyua vibaya na uzito wa maji inachanika mikononi. Za kuacha kabisa ni velveti ya hariri, vitu vilivyonakshiwa kwa nyuzi za rangi kali au shanga, na zile zenye bitana ya kitambaa tofauti, maana juu kinanywea huku chini kimebaki vile vile unaishia na kitu kimejikunyata. Hizo mpelekee fundi anayeeleweka, sibishi.

Rangi ipime kwanza. Chukua kitambaa cheupe kilicholoa maji ya sabuni, kandamiza kwenye pindo la ndani usubiri. Kikipata rangi, ishia hapo hapo.

Isipotoa rangi jaza beseni kubwa au bafu, maji ya baridi au ya uvuguvugu usiozidi nyuzi 30, sabuni ya maji laini kidogo tu (watu wanamimina sabuni kama wanafua gari alafu kuisuuza kwenye duveti ni adhabu), bonyeza bonyeza, USISUGUE, usikamue kwa kusokota. Kwa sufu na hariri sabuni isiwe na vimeng'enya vya kula protini, kwa sababu sufu na hariri zenyewe ni protini, vinaanza kutafuna kitambaa chako. Na jiki usiisogeze hapo, jiki inayeyusha sufu kabisa kabisa. Suuza mpaka maji yawe safi, zungushia taulo ubonyeze maji yatoke, tandaza ikauke ikiwa imelala. Ya manyoya haiishi siku moja, kila baada ya muda iguse ndani, vunja mabonge kwa mikono, ukiirudisha kitandani na unyevu ndani imekwisha, uvundo huo hautoki.

Na nyie mnaoshauri watu mtandaoni, siki na bikabonati kwenye beseni moja zinauana zenyewe kwa zenyewe, povu lote lile unabaki na maji ya chumvi chumvi. Vile vikaratasi vya "drai klini nyumbani" vya kuweka kwenye draya (mashine ya kukaushia nguo) ni mvuke na manukato, vinaondoa harufu na mikunjo ila uchafu upo pale pale. Na yule aliyesema upanguse kwa petroli kwa sababu "hata wao wanatumia kitu kama hicho", mkuu utachoma nyumba na watu ndani. Wao wana mashine iliyofungwa, wewe una kitambaa na jiko chumba cha pili.

NYONGEZA: kuna mdau ameuliza vipi utitiri wa vumbi, vile vidudu vidogo visivyoonekana vinavyokaa kwenye matandiko, maana mtoto wake ana pumu. Utitiri unakufa kwa maji ya kama nyuzi 60, na hapo ndo utaona ujinga wa hizi lebo, maana kitu kisichofulika huwezi kukifikishia hilo joto. Achana nacho kwa mtoto. Mnunulie kava la pamba linalofulika kwa nyuzi 60 na ulifue kila wiki, hilo la mapambo litandike mchana ulitoe usiku.

Na mwenye kava la poliesta tupu lililoandikwa drai klini tu apige picha lebo aweke hapa, pande zote mbili, na jina la kitambaa lionekane.