Farasi jike wa mbio anauzwa Nairobi: nimlete Kapchorwa nizalishe?

AfandeMstaafu (Kapchorwa)

Wakuu, salaam. Nimestaafu jeshini, nina shamba la urithi huku Uganda, kwenye Mlima Elgon, juu ya Sipi. Nyasi zipo, maji ya mto hayakauki. Shemeji yangu anaendesha lori Nairobi, na ameniunganisha na mtu anayeuza farasi jike wa mbio. Ana miaka saba, alikimbia uwanja wa Ngong akashinda mara mbili, sasa amepumzishwa. Bei yake haifiki hata ya ng'ombe mmoja wa friziani mwenye mimba. Mimi nilishangaa.

Wazo langu ni hili. Mlima huu umemzaa Kiprotich aliyechukua dhahabu ya marathoni London 2012, ukamzaa mkimbiaji Cheptegei. Kama hewa ya huku inatengeneza miguu ya binadamu, itashindwaje na farasi? Nimnunue, nimtafutie dume, niuze watoto kwa matajiri wa Kampala na Nairobi. Mke wangu anasema pensheni imenipanda kichwani. Nyie mnasemaje? Nataka mtu anayejua farasi, si wa kubahatisha.

KijanaWaWandegeya

Mzee fanya haraka! Huku Kampala farasi ni pesa, kwenye vibanda vya kubeti wanakimbia kutwa nzima, mbio zikiisha zingine zinaanza. Ukiwa na wako mwenyewe si utakuwa unajua nani atashinda?

SaisiWaZamani (Bukwo)

Kijana, hao wa kwenye skrini ni kompyuta inayotupa namba. Hawali nyasi wala hawana mama. Tena sheria ya Uganda ya 2016 inataka mwenye kubeti awe na miaka 25, sijui wewe umefikisha. Tumwachie afande nafasi.

Jambo afande. Mimi nilikuwa saisi Nairobi kwenye mabanda ya farasi wa mbio kabla sijarudi nyumbani kulima viazi. Kazi yangu ilikuwa kuamka usiku wa manane, kusafisha banda, kupiga brashi, kumtoa farasi mazoezini kukiwa bado giza, akirudi namtembeza hadi jasho likauke, halafu napapasa miguu yote minne kwa kiganja nikitafuta joto. Mguu wenye joto ni habari mbaya kwa mwenye farasi. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu wa bandani, si wa jukwaa la matajiri.

Kwanza hiyo bei. Farasi aliyeacha mbio anauzwa rahisi kwa sababu anakula vilevile kama alipokuwa analeta zawadi. Mwenyewe analipa chakula, saisi, fundi wa kwato na daktari kila mwezi, na hakuna kinachoingia. Anayekuuzia anakimbia gharama, afande. Ukimchukua, gharama imehamia Kapchorwa.

Sasa jike kama huyo anaitwa thorobredi, yaani farasi wa ukoo wa mbio, na thamani ya thorobredi iko kwenye karatasi kabla haijawa kwenye miguu. Waingereza walianza kuandika kitabu chao cha nasaba mwaka 1791, na thorobredi wote wa leo, wa Ngong, wa Marekani, wa Australia, ukifuata baba wa baba utafika kwa madume matatu tu yaliyoletwa Uingereza kutoka nchi za mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Karibu wote wanaishia kwa huyo Darley, aliyefika mwaka 1704. Farasi asiyeweza kuonyesha kamba hiyo bila kukatika, hata akimbie namna gani, haruhusiwi kwenye mbio zao. Nchini Kenya wanaosimamia mbio ni Jockey Club of Kenya, na mtoto wa jike lako asipokuwa na jina kwenye rekodi zao, hakanyagi Ngong.

Na hapa ndipo mpango wako unapokwama. Najua unafikiria habari ya mbegu kwenye mtungi baridi, kama tunavyofanya kwa ng'ombe: daktari anakuja na pikipiki, anapandisha, anaondoka. Kwa thorobredi hiyo haikubaliki popote duniani. Mtoto aliyetokana na mbegu ya mtungi haandikwi kitabuni hata baba yake awe bingwa. Dume na jike wakutane wenyewe, mwili kwa mwili. Ndiyo maana dume mzuri anatengeneza pesa za kutisha. Frankel, yule wa Uingereza aliyekimbia mara 14 asishindwe hata moja, mwaka 2024 ada yake ilikuwa pauni 350,000 kwa kumpanda jike mmoja. Wewe hutaenda huko, lakini kanuni ni ileile kwa dume wa bei ya chini: jike lako lisafiri. Kapchorwa, Suam, Kitale, mpaka kwenye shamba lenye dume, na vibali vya mifugo pande zote mbili za mpaka. Akishika mimba, ni miezi kumi na moja. Wakati mwingine hashiki, anarudi joto, lori linaenda tena.

Tuseme mtoto amezaliwa, amesimama, amenyonya. Atatolewa damu au nywele za vinasaba kuthibitisha wazazi, awekwe chipu shingoni. Ataachishwa akiwa na miezi sita hivi. Atafundishwa kubeba tandiko akikaribia miaka miwili. Mbio ya kwanza ni akiwa na miwili au mitatu. Piga hesabu tangu siku ya dume: miaka mitatu hivi au zaidi hujashika shilingi. Halafu atakimbilia wapi? Uganda hakuna uwanja wa mbio za thorobredi. Itabidi akae Nairobi kwa mkufunzi mwenye leseni, na wewe ulipe kila mwezi kama unayemsomesha mtoto bweni.

Watu wa hela wenyewe wanaumia. Marekani mwaka 2006 farasi mmoja aliyeitwa The Green Monkey alinunuliwa mnadani kwa dola milioni 16, nasaba yake safi kabisa. Alikimbia mara tatu, hakushinda hata mara moja. Wale wana mashamba ya kumficha aibu. Wewe una pensheni.

Ulivyosema juu ya hewa ya mlima sikucheki, ni swali la maana. Ila wakimbiaji wetu walikua wakipanda na kushuka mlima huu kwenda shule, na wakapata makocha na mashindano. Farasi naye anahitaji wenzake wa kukimbia nao. Mtoto mmoja anayekua peke yake shambani na mbuzi hajui kushindana. Nimewaona, wakifika uwanjani wanashangaa umati.

AfandeMstaafu

Saisi, nimekusoma sawasawa, asante. Kwa hiyo kuzalisha peke yangu ni kupigana bila kikosi. Lakini nisaidie: Hong Kong nasikia wana mbio kubwa sana na eneo lenyewe ni dogo, shamba hamna. Wao wanafanyaje?

SaisiWaZamani

Hawazalishi kabisa. Farasi wote wananunuliwa nje, Australia, New Zealand, Ulaya, na wengi wao wamehasiwa. Pesa inatoka kwa wanaobeti, inapitia klabu yao moja, inarudi kwenye zawadi. Umeshika jambo zuri hapo: kukimbiza farasi na kuzaa farasi ni biashara mbili. Lakini zote mbili zinamtaka mtu wa mwisho, yule wa tiketi. Kwetu huyo wa tiketi yuko Wandegeya anaangalia kompyuta.

DaktariWaMifugo_Mbale

Shikamoo mzee. Saisi amemaliza upande wa biashara, mimi nina la afya, na nakuomba ulisome kabla hujatuma pesa.

Huko juu ulipo umebahatika kwa jambo moja: mbung'o hapendi baridi ya mlimani. Farasi na nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, hawawezani: ng'ombe wa kienyeji anaweza kuishi na vimelea akakonda tu, farasi anakufa. Lakini hatabaki juu siku zote. Ukimshusha tambarare kwa maonyesho au harusi, umempeleka kwa mbung'o.

La pili ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na visubi vya usiku, vile vidogo hata huvioni vizuri. Mapafu yanajaa maji, povu linatoka puani, na kwa farasi ambao hawajachanjwa wengi hawaponi. Punda wanaupata bila kuonyesha dalili, na Kapchorwa imejaa punda wa kubebea mahindi. Chanjo yake si ya kununua duka la dawa la mtaani. Uliza jike huyo alichanjwa lini mara ya mwisho, na uandikiwe.

La tatu ndilo linaloniogopesha zaidi, kwa sababu liko nyumbani kwako tayari. Kama unanyunyizia ng'ombe dawa ya kupe yenye amitrazi, usimguse nayo farasi. Inasimamisha utumbo, na farasi hawezi kutapika, tumbo likifunga anajibingirisha hadi kufa. Chakula cha kuku au ng'ombe chenye monensini nacho kinaua moyo wake, hata kidogo tu kilichomwagika ndooni. Na mahindi, mzee! Yale yaliyopata ukungu, ambayo watu huku wanasema "wape wanyama", yana sumu inayoozesha ubongo wa farasi. Anaanza kutembea ovyo, anasukuma ukuta kwa kichwa, siku mbili tatu amekufa. Mashamba mangapi ya eneo lenu la Sebei yana ghala lisilo na punje yenye ukungu msimu wa mvua?

Kumwingiza nchini kunahitaji kibali cha Wizara ya Kilimo pale Entebbe kabla lori halijafika Suam. Usisikilize mtu wa mpakani anayesema mtamalizana palepale.

AfandeMstaafu

Marahaba daktari. Hiyo ya mahindi imenishtua, ghala langu ni mlango wa pili kutoka nilipopanga kumweka.

Sasa kama si mbio, je, wageni wa Sipi? Watalii wanapita hapa kila siku wakienda kwenye maporomoko. Jinja nimeona watu wanapandisha wageni farasi kando ya Nile.

SaisiWaZamani

Hapo unaongea, afande. Lakini basi usinunue jike wa mbio, au umnunue ukijua anageuzwa kazi. Farasi wa mbio amefundishwa kitu kimoja: akisikia mwenzake nyuma, aongeze. Mgeni kutoka Uholanzi ambaye hajawahi kupanda, juu ya mnyama wa kilo 450 anayedhani anafukuzwa, kwenye njia yenye utelezi na bonde upande mmoja... Wapo wanaobadilika vizuri, wanachukua miezi ya kutembezwa taratibu na mtu mvumilivu. Bora dume aliyehasiwa, mzee kidogo, aliyezoea boda na mbwa. Na chukua wawili, farasi wa peke yake hana raha, analia usiku.

Fundi wa kwato utamtoa wapi? Hilo lijibu kwanza. Kila wiki sita hivi kwato zinatakiwa kupunguzwa, na kwenye mawe ya huko pengine viatu. Mtume kijana wako Jinja akajifunze kabla farasi hajaja, si baada.

Na kama moyo unakataa kabisa kumwacha jike huyo, kuna njia ambayo watu wa Ngong wakiisikia watanitukana: mpandishe kwa punda wako. Utapata baghala, mnyama mgumu, hali sana, anabeba magunia kuliko punda, na njia za mlima anazijua kuliko sisi. Hazai, lakini anafanya kazi miaka mingi. Punda wetu ni wafupi, kwa hiyo jike anasimamishwa kwenye mtaro dume asimame juu. Wazungu wa zamani walifanya hivyohivyo.

Vyovyote utakavyoamua, leo hii mwambie huyo muuzaji akupigie picha pasipoti ya farasi: ukurasa wa jina, wa nasaba, na wa chanjo. Asikutumie picha ya farasi, kila farasi ni mzuri kwenye picha.

AfandeMstaafu

Nimempigia sasa hivi. Anasema pasipoti ilipotea walipohama, lakini farasi ni yuleyule na majirani wote wanamjua.

DaktariWaMifugo_Mbale

Bila kurasa za chanjo mimi siwezi kukusainia chochote, mzee.

SaisiWaZamani

Basi huyo si jike wa kuzalisha tena, afande. Mpe bei ya mnyama wa kupanda, nusu ya alivyosema, na umwambie asafirishe kwa gharama yake baada ya daktari wa Nairobi kumchanja na kuandika. Akikataa, mwache naye. Mwisho wa msimu watakuwepo wengine wenye karatasi, nitakuulizia kwa masaisi wenzangu.