Mtoto analia kila jioni, jirani anasema ni ebinyo. Nifanyeje?

MamaFaiza_Bombo

Assalaam alaikum ndugu zangu. Binti yangu ana wiki saba, ni uzazi wangu wa kwanza, tuko Bombo, Uganda. Mchana hana shida yoyote: ananyonya, analala, anakodolea macho mwanga wa dirishani. Adhana ya magharibi ikiisha tu, kilio kinaanza. Anakunja miguu mpaka tumboni, anafumba ngumi, uso unaiva, na hanyamazi hadi saa tano usiku. Titi analishika, analiachia, analia tena. Homa hana, choo anapata, na tulipokwenda chanjo ya wiki sita walisema uzito umepanda vizuri.

Tumepanga chumba kimoja, ukuta tunachangia na majirani, na mume wangu anarudi kutoka Kampala usiku amechoka. Mama mkwe ameniletea kyogero, yale maji ya mitishamba ya kuogeshea watoto, nimemwogesha, sina neno nayo. Ila juzi jirani mmoja alimfungua mtoto mdomo, akapitisha kidole kwenye fizi, akasema hapa pana uvimbe mweupe, hizi ni ebinyo, yaani meno ya uongo, msipoziondoa mtampoteza. Eti anamjua mtu wa kuziondoa. Mama mkwe ameanza kumsikiliza. Mimi moyo unakataa kabisa, lakini sina la kuwajibu wakubwa zangu. Mtoto anayelia hivi ana nini? Na nimtulize vipi?

MamaPacha_Arua

Waalaikum salaam, pole sana mdogo wangu. Mmoja wa mapacha wangu alilia hivyo hivyo kila jioni, mwenzake kimya, na wote walinyonya kwa mama mmoja ndani ya nyumba moja. Ndiyo maana mtu akikwambia umekula maharage ndiyo yanamsumbua mtoto, msikilize kwa adabu kisha uendelee kula.

Jaribu hivi. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako wa kushoto, shavu likae karibu na kiwiko, kiganja chako kishike paja lake, miguu ining'inie huku na huku. Tumbo lake liegemee mkono wako. Mkono wa kulia umsugue mgongo taratibu, kutoka kiunoni kwenda mabegani. Halafu tembea, usikae. Hewa ikitoka utaisikia, na mwili wote unalegea mkononi mwako.

Usingoje kilio kianze. Kabla ya magharibi punguza mwanga, zima televisheni, wageni waambie waje asubuhi. Mfunge kwa leso kifuani (mgongoni bado, shingo haijakaza), pua yake iwe wazi, kidevu kisibanwe kifuani. Wengine hutulia kwa sauti ya mvua kwenye mabati. Kama hakuna mvua, redio isiyoshika stesheni, kwa sauti ya chini, inafanya kazi ile ile.

Na sigiri, jiko la mkaa, ikae nje, hata usiku wa baridi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na chumba chenu ni kimoja.

Mkunga_Jinja

Mama Faiza, mimi ni mkunga, naanza na lile la hatari. Huo uvimbe mweupe ni chonge la utotoni ambalo bado liko ndani ya fizi. Kila mtoto analo, anayelia na asiyelia. Hao wanaoziita ebinyo wanachimbua fizi kwa spoku ya baiskeli au kisu, bila ganzi, chombo kile kile kwa mtoto huyu na yule. Mtoto anavuja damu, anapata maambukizi yanayoingia kwenye damu, wengine wanakufa. Anayepona huweza kuota meno ya ukubwani yaliyoharibika au yasiote kabisa. Usikubali. Na mwenye kutaka kumkata kilimi naye mwambie hapana.

Kwa mama mkwe usibishane. Mwambie: "Mama, twende wote kituo cha afya, wamwangalie mdomo wewe ukiwepo." Akisikia kwa nesi hatajiona ameshindwa na mkamwana.

Sasa kilio chenyewe. Mtoto mzima wa afya anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kipimo hicho cha kilio madaktari walikiweka mwaka 1954. Kilio hicho wengi wetu tunakiita chango. Sababu yake hasa haijulikani kwa uhakika, ila mwendo wake unajulikana: kilio hupanda tangu wiki za mwanzo, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua, na kufikia mwezi wa tatu au wa nne wengi wameacha. Wako yuko pale pale kileleni.

Watafiti wa Japani mwaka 2022 walipima jambo ambalo bibi zetu walilijua nusu yake. Mbebe ukitembea dakika 5 bila kusimamasimama. Akisinzia usimlaze hapo hapo, kaa naye dakika 5 hadi 8 nyingine, ndipo umlaze. Mama wengi wanaharakisha hapo mwisho, mtoto anaamka mgongo ukitengana tu na mikono.

Kyogero ni ya kuoga, asinywe. Wala maji ya sukari, wala asali, wala dawa ya tumbo ya dukani: miezi sita ya kwanza ni titi tu. Akilia ghafla kuliko kawaida, mvue nguo zote umkague, hata vidole vya miguu. Unywele uliojizungusha kidoleni unakata damu na mama haoni. Nenda hospitali usiku huo huo akiwa na joto la 38 au zaidi, akikataa titi kabisa, akitapika kijani, choo kikiwa na damu, akipumua haraka, utosi ukivimba, au akilegea.

BabaKisenyi

Dada, mpe mumeo zamu. Kuchoka na kazi siyo sababu. Mimi niliambiwa hivyo na mama yangu mzazi na nilishika mtoto. Na ukihisi hasira inapanda, mlaze mahali salama chali, toka mlangoni, vuta pumzi, rudi. Kulia kwa dakika chache hakumdhuru. Kumtikisa kunaua, ubongo wake unagonga fuvu. Mwambie na kila anayembeba.

MamaFaiza_Bombo

Allah awalipe. Mama mkwe amekubali, tunakwenda Jumatatu. Ule mshiko wa mkono wa kushoto jana ulimnyamazisha kabla ya isha, baba yake ndiye aliyembeba. Swali moja tu: kwa kuwa anapenda kifudifudi, nimlaze hivyo hivyo usiku?

Mkunga_Jinja

Hapana. Kifudifudi ni mkononi mwenu tu, mkiwa macho. Kulala ni chali, kila mara, hata mchana: godoro lisiwe laini, mto usiwepo, na leso isifike usoni. Jumatatu beba na kadi ya chanjo, wampime uzito tena hapo hapo.